Namba Moja ni ya Nani?

Kinyozi mmoja wa mtaa wa Majengo, mjini Mpanda, ana redio ya kuchomeka flashi ambayo haizimwi tangu anapofungua mlango asubuhi mpaka anapofagia nywele za mteja wa mwisho. Wiki hii redio hiyo ilizua ugomvi. Kijana wa bodaboda aliingia na flashi mpya, akaichomeka bila kuomba ruhusa, akatangaza kwamba wazee leo wametafutiwa zilipendwa kumi bora za muda wote, tena zimepangwa kwa namba.

"Zimepangwa na nani?" akauliza mzee aliyekuwa kwenye kiti, povu likiwa limejaa kidevuni.

Kijana akacheka. Alizikuta hivyo hivyo kwenye kibanda cha kurushia nyimbo pale stendi. Namba moja ilikuwa "Neema" ya Mlimani Park, yaani Sikinde. Ya pili, "Zuwena" ya Marijani Rajabu na Dar International. Ya tatu, "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe. Wazee wakawa wanatikisa vichwa, mmoja akigonga mguu wa benchi kufuata besi. Namba kumi ikapita, flashi ikarudi mwanzo. "Dada Asha" haikuwamo.

Povu likakaukia kidevuni. Kuiacha "Dada Asha" ya Tabora Jazz mbele ya watu wa Mpanda ni kutafuta maneno. Reli ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba, na tangu hapo atokaye Mpanda kwa treni hufika Tabora kwanza, ndipo ashike njia ya Dar es Salaam au Mwanza. Eneo hili halikuwa mkoa wa Katavi hadi mwaka 2012, lakini Tabora ilikuwa jirani yake siku zote, na Shem Karenga wa Tabora Jazz, na mtindo wake wa Segere Matata, alikuwa mwanamuziki wa jirani. Mzee wa kwenye kiti alisema orodha ile ilipangwa na mtu ambaye hajawahi kulala Tabora akisubiri treni.

Yuko msomaji atakayesema muziki si mpira, hakuna Simba na Yanga humo, kila mtu apende chake na mambo yaishe. Maneno hayo yana sura ya hekima, na ni ya uvivu. Anayeulizwa kwa nini wimbo huu uwe wa pili na ule wa tano hulazimika kufikiri: ni sauti, ni gitaa, ni tarumbeta zinazoingia mwishoni, au ni msichana aliyekuwa akicheza naye mwaka ule? Bila namba hakuna anayeulizwa. Watu husema "ule nao mzuri" na kunyamaza, na wimbo hufa hivyo hivyo, huku kila mtu akiusifia.

Wala namba hazimfungi mtu. Jarida la Rolling Stone la Marekani lilipotoa orodha yake ya nyimbo 500 bora mwaka 2004, liliweka juu kabisa "Like a Rolling Stone" ya Bob Dylan. Orodha ilipopigiwa kura upya mwaka 2021, Dylan alikuwa wa nne, na "Respect" ya Aretha Franklin ikakaa kileleni. Nyimbo zote mbili ni za miaka ya 1960, na hazikuongezwa hata noti moja katikati. Waliobadilika ni wapiga kura.

Ndani ya Katavi yenyewe, kura zingetofautiana kutoka kijiji hadi kijiji. Mtu wa Karema, anayetazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, anaweza kuanza na "Mario" ya Franco ya mwaka 1985 na asione haya. Mzee wa Katumba, aliyeikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa mtoto na sasa ni raia wa Tanzania, ana nyimbo zake za utotoni ambazo kibanda cha stendi hakizijui. Mrina asali wa Inyonga atachagua ule uliomfikia kambini usiku, redio ikikwaruza kwenye masafa mafupi. Kila mmoja ana haki ya kumi bora zake.

Kwa hiyo, kukosekana kwa "Dada Asha" kungesameheka. Kilichouma kilikuja baadaye, povu lilipokwisha kufutwa.

"Haya, mwanangu," mzee akasema kwa upole. "Hiyo namba moja yako, nani aliitunga?"

"Sikinde, mzee."

"Sikinde ni ngoma ya Wazaramo. Nauliza mtu."

Kijana hakujua. Akafungua orodha kwenye simu, na simu nayo haikujua: faili liliandikwa "Zilipendwa 01". La pili "Zilipendwa 02". Kumi bora za muda wote, na hakuna jina la binadamu hata mmoja.

"Neema" ilitungwa na Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aliacha dansi akahamia nyimbo za injili. Jina lake halikupotea kwa bahati mbaya, na kosa si la kijana peke yake. Bendi nyingi kubwa za enzi ile zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na baadaye ikawa Msondo Ngoma, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Mwanamuziki alilipwa mshahara, akapiga gitaa lisilo lake. Akiondoka, gitaa lilibaki, na jina la bendi likabaki na sifa zote.

Nyimbo nazo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni. Zilizobahatika kuwa santuri zilipelekwa kuchapwa Nairobi, na angalau kwenye karatasi ya katikati ya santuri jina la mtunzi lilikuwa na nafasi yake. Zikaja kaseti za kunakili nyumbani, zikaja sidii za kuchoma, ikaja flashi. Katika kila kunakili, sauti ilipona na jina likabaki njiani.

Mfano ulio wazi ni Muhidin Maalim Gurumo. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde wametupiana maneno kwa miongo mingi kana kwamba ni makabila mawili, na huku Gurumo aliimba kote kuwili. Alikuwa NUTA tangu 1964, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, miaka ya 1980 akawa Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo Ngoma. Ukiipanga Msondo juu ya Sikinde kwa sababu ya sauti yake, unamshindanisha mtu na yeye mwenyewe.

Alipostaafu mwaka 2013, baada ya karibu nusu karne jukwaani, ilijulikana kwamba hajawahi kumiliki gari. Diamond Platnumz akamzawadia moja kwenye uzinduzi wa wimbo wake mpya. Wimbo wenyewe uliitwa "My Number One". Gurumo alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ya heshima na Diamond anastahili sifa, ila inaacha swali: nyimbo zote zile zilizopanda chati za mioyo ya watu zilimlipa nini mtunzi, hadi ashukuru zawadi ya mtu aliyezaliwa yeye akiwa tayari mzee wa jukwaa?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na wanasheria, si ya kinyozi wa Majengo. Lakini sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 humtambua mtunzi na, akishafariki, warithi wake. Haiitambui "Zilipendwa 01". Mashabiki wakishasahau jina, hakuna atakayeuliza warithi wako wapi. Safu hii haina ugomvi na anayeiweka "Neema" juu ya "Dada Asha", wala na anayeziweka zote chini ya "Mario". Ina ugomvi na anayetoa namba bila kutaja jina. Huyo hajampa mtu cheo, amempa faili.

Jioni ile kinyozi alichana kipande cha boksi la sabuni, akamkabidhi kijana kalamu, wazee wakataja naye akaandika: wimbo, mtunzi, mwimbaji, mpiga gitaa la solo. "Dada Asha" iliingia namba nne baada ya mabishano marefu, na mzee bado anadai ilistahili mbili. Boksi limebandikwa kando ya kioo. Kwenye mistari mitatu nafasi ya mpiga gitaa iko wazi, na kinyozi sasa humuuliza kila mteja mwenye mvi kabla hajamfunga kitambaa shingoni.