Ukiumwa, Usikimbie



Mwaka jana mwenzangu wa kwaya alisema neno baya juu yangu. Neno moja tu. Nilitoka pale nikamsimulia rafiki, rafiki akamsimulia mwingine, usiku nikamwaga yote kwenye grupu la WhatsApp. Kufika Jumapili, sauti ya pili na sauti ya tatu hawasalimiani.

Sasa niwape habari za buibui. Kule Sydney, Australia, kuna buibui mweusi ambaye mlango wa shimo lake ni utando wenye umbo la faneli. Sumu ya dume ni kali kuliko ya jike. Ndani yake mna protini ndogo inayozuia vijilango vya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu visijifunge vizuri. Basi mishipa inatuma ujumbe mfululizo, haipumziki: misuli inatetemeka, jasho, machozi na mate vinatiririka, presha inapanda, mapafu yanaweza kujaa maji. Bila tiba mtu anaweza kufa.

Huduma ya kwanza yake ndiyo iliyonigusa. Mguu au mkono ulioumwa unafungwa wote kwa bandeji, kwa kukaza, na mgonjwa anatulia kabisa mpaka afikishwe hospitali. Sumu hii husafiri kwa njia ya limfu, na limfu inasukumwa na misuli. Yaani ukikimbia huku na huku, ni wewe mwenyewe unayeisambaza. (Mimi na WhatsApp yangu!)

Lakini kutulia peke yake hakuponyi. Dawa ilipatikana mwaka 1981, kazi ya daktari Struan Sutherland na wenzake. Kutoka wapi? Kwa sungura. Sumu hii haimwezi sungura. Anadungwa kidogo kidogo, damu yake inatengeneza kingamwili, na hizo ndizo anazopewa aliyeumwa. Tangu mwaka huo hakuna kifo kilichothibitishwa.

Niliposoma hapo nikautazama msalaba ukutani kwa muda mrefu. Simlinganishi Bwana na sungura, msinielewe vibaya. Sungura hakuulizwa. Yeye alikubali mwenyewe kubeba sumu yetu, na kila Misa tunapewa Damu yake.

Yule wa kwaya hatujaongea hadi leo. Jumamosi saa kumi padre anakaa kitubioni. Nitakuwa kwenye foleni, halafu nikitoka nampigia simu.