Muguka wa Mdogo Wangu, Unga Wangu

Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, mimi nilikuwa Nairobi nikishangilia. Nikamtumia mdogo wangu kule Tiwi ile habari, na chini yake nikaandika: "Sasa mtakula nini?" Akanijibu baada ya saa nzima: "Kaka, Mombasa si Kwale."

Kilifi nao wakafuata. Halafu Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu ya kisheria, Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha, na muguka ukaendelea kushuka pwani kama kawaida. Mimi nikaendelea kumsema mdogo wangu.

Yeye ni wa bodaboda. Anakaa steji ya barabara kuu, anashusha watu ufuoni, usiku anawarudisha wafanyakazi wa hoteli makwao. Tangu alasiri shavu lake limevimba: muguka, karanga, Big G. Mama analalamika kwamba hali chakula wala halali, na pesa hazionekani. Kila nikienda nyumbani naitwa nikamweke kitako, maana mimi ndiye mkubwa, nina kazi, na naenda jim.

Hiyo jim ndiyo nataka kuizungumzia. Kwa mwaka na nusu nilikuwa nakunywa ule unga wa kabla ya mazoezi. Kijiko kimoja ndani ya chupa ya maji, rangi yake kama sharubati ya zambarau, na baada ya dakika 20 uso unawasha na chuma kinakuwa chepesi. Lebo ya kopo langu ilisema miligramu 300 za kafeini kwa kijiko. Kikombe cha kahawa ya kawaida kina kama 100. Siku nilizochoka niliweka vijiko viwili, na siku nilizokosa kunywa kichwa kilinigonga hadi jioni. Sikuwahi kujiita mtu wa stimu. Nilijiita mtu wa nidhamu.

Desemba tukapanga safari. Watu wanne, gari langu, Nairobi hadi Tiwi, karibu kilomita 500. Kama umewahi kuwa kwenye grupu la WhatsApp la safari unajua tulivyopanga: nani analeta kasha la barafu, nyama tule Emali au Mtito Andei, nyimbo za nani zipigwe. Ujumbe ulikuwa zaidi ya mia mbili. Hakuna hata mmoja uliouliza dereva atalala saa ngapi. Ijumaa nilitoka kazini, nikaoga, saa tatu usiku tukang'oa.

Mtito Andei nilikunywa vijiko viwili. Wenzangu waliona chupa ya maji.

Baada ya Maungu barabara imenyooka, malori yamefuatana, taa zinakuja moja baada ya nyingine. Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka changarawe chini ya tairi, honi ndefu, na rafiki yangu akipiga kelele jina langu. Nilirudisha gari barabarani, nikaendesha polepole mpaka Mackinnon Road, nikaegesha karibu na ule msikiti ambao madereva wengi husimama kutoa heshima zao. Tulikaa pale hadi alfajiri. Hakuna aliyewasha muziki tena. Hata tulipopita Dongo Kundu kukwepa feri, watu walikuwa wanaangalia nje tu.

Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu, nikidhani atanionea huruma. Akaliomba kopo, akalisoma pande zote. "Sasa hii na yangu tofauti ni nini?"

Nilikuwa na majibu tayari. Yangu ni halali. Lakini miraa, na muguka ukiwamo, ni zao linalotambuliwa na sheria zetu. Yangu yanajenga mwili; basi usiku ule niliposhika usukani nilikuwa najenga msuli gani? Yangu yanauzwa dukani yakiwa na lebo. Hapo nikakumbuka yule mwanamke wa miaka 30 aliyeanguka akafa karibu na mwisho wa mbio za London mwaka 2012, baada ya kunywa unga wa mazoezi wenye kitu kiitwacho DMAA. Unga ule nao uliuzwa waziwazi. Kwa hiyo teja ni nani, na mwanamichezo ni nani? Ukweli ni kwamba nilikuwa nahukumu kwa bei. Kopo langu lilikuwa elfu tano na mia tano. Muguka wake ni wa mia.

Kuna marafiki zangu hapa watasema: basi yaishe, kila mtu na mwili wake. Siwakubali. Kafeini haiondoi uchovu. Kadiri unavyokaa macho, ubongo unakusanya adenosini, ambayo ndiyo hukuambia umechoka. Kafeini huenda ikaziba pale adenosini inapopaswa kushika. Uchovu upo palepale, ila habari zake hazikufikii. Ukiwa peke yako chumbani, hilo ni shauri lako. Lakini usiku ule kulikuwa na watu watatu waliolala garini kwa kuamini kwamba nikichoka nitajua, na nikijua nitasimama. Mimi ndiye niliyeuzima huo mlango wa habari, na sikuwaambia.

Nikamgeuzia yeye: "Na wewe je, hubebi watu usiku?"

"Nabeba. Lakini abiria ananiona natafuna. Akitaka anapanda ya mwingine. Wenzako walijua?"

Sikuwa na la kusema, nikanyamaza. Tangu siku ile nimelizungusha sana hilo swali, na nadhani alikuwa na haki nusu. Kusema wazi kuna uzito. Mimi nilificha, yeye hafichi. Lakini dada anayetoka jikoni hotelini saa tano usiku, steji ina pikipiki moja, yuko huru kuchagua kitu gani? Anaona shavu limevimba na anapanda hivyo hivyo, kwa sababu nyumbani kuna mtoto. Kumwonyesha mtu hatari ambayo hana njia ya kuikataa si sawa na kumwomba ruhusa. Nilimwambia hivyo, siku mbili baadaye, na nilianza kwa kumwambia kwamba mimi nilikosa zaidi.

Hakukasirika. Alisema akiacha usiku atalala na njaa, kwa kuwa mchana steji imejaa vijana na wageni wa pwani ni wa msimu. Hilo pia sikuwa na jibu lake. Mimi nilikuwa nakimbizana na likizo. Yeye anakimbizana na mkopo wa pikipiki.

Tulirudi Nairobi kwa siku mbili, tukalala Voi. Pasaka hii tunapanga tena, na safari hii nimeandika wa kwanza kwenye grupu: madereva wawili, mchana tu. Mdogo wangu alinipigia juzi kuuliza tunafika lini. Kisha akauliza kama kopo nimelitupa.

Nikamwambia liko juu ya kabati, limebaki nusu.

"Hata yangu imebaki nusu," akasema, na nikamsikia anatafuna.