MUME NAYE APIMWE

 

Enyi ndugu zetu katika imani, upitapo mwaka bila ya mimba, katika nyumba zetu nyingi hupelekwa mke peke yake kwa daktari. Hupimwa, hunyweshwa dawa, huhojiwa na mawifi na mama mkwe, na mwisho huitwa tasa. Mume hakuulizwa hata neno. Hiyo ni dhulma, tena hutendwa na watu wenye kusali. Katika takriban nusu ya ndoa zenye shida hii, upande wa mume una sehemu yake. Basi mwenye kumtuhumu mkewe kabla ya kujipima amehukumu bila ya ushahidi.

Sababu iliyo mashuhuri ni kuvimba kwa mishipa irudishayo damu kutoka kwenye korodani. Damu hutuama, joto huzidi, na mbegu hudhoofika. Hali hii huwapata kiasi cha wanaume 15 katika kila 100, na wengi wao huzaa. Lakini miongoni mwa wanaume wanaotafuta tiba ya uzazi hufika kiasi cha 35 au zaidi. Mwaka 1992 Marc Goldstein na wenzake wa New York walieleza namna ya kuitibu kwa hadubini: hupasuliwa kidogo kwenye kinena, ikafungwa mishipa iliyovimba, ukasalimishwa mshipa upelekao damu pamoja na vijishipa vya majimaji, ambavyo vikifungwa huweza kuleta busha. Mbegu huchukua siku zipatazo 70 kukamilika, kwa hiyo manii hupimwa tena baada ya miezi 3 hivi. Si kila aliyepasuliwa hupata mtoto.

Wako wasemao kuwa kujitibu ni upungufu wa tawakkul. Nabii Zakariya (A.S.) aliomba mtoto naye ni mzee, wala hakulaumiwa, na Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu. Kufunua uchi kwa ajili ya tiba hujuzu kwa kadiri ya haja, na daktari awe mwanamume akipatikana. Ama mbegu ya mtu mwingine ni haramu, hata mume akiridhia, kwani huchanganya nasaba.

Na ikidhihiri kuwa ila ni ya mume, aiseme kwa kinywa chake mbele ya wazazi wake. Akinyamaza, mkewe ataendelea kuitwa tasa.