Pishi ya Mwaka Jana na Pishi ya Mwaka Huu

Ndugu msomaji, mwenzetu mmoja wa darsa hii alisafiri hadi Wote, makao makuu ya Makueni, kumpa mkono wa tanzia rafiki yake wa zamani. Watu walipokwisha kutawanyika, mzee mmoja wa Kikamba aliyekuwa ameketi karibu naye alimgeukia akasema: «Maalim, nyinyi watu wa pwani mwasifiwa kwa kupambanua haki na dhuluma. Nitatulieni jambo hili. Binti yangu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2017, akapata A-, akachukuliwa kusomea udaktari. Mdogo wake ameufanya mwaka 2024, naye amepata A-, kwa masomo yale yale. Yeye ameambiwa kwamba hakufikia. Je, aliyepungua ni mtoto, au ni kipimo?»

Mwenzetu hakuwa na jibu. Alirudi nyumbani na suali. Nasi twaliandika hapa kwa sababu si suali la Makueni peke yake. Hapana nyumba Mombasa, wala Lamu, wala Malindi, yenye mtoto wa kidato cha nne, isiyoingiwa na hofu hiyo kila mwaka matokeo yanapotangazwa. Tena watu wa Ukambani si wageni kwetu. Misafara yao ilileta pembe za ndovu pwani katika karne ya 19, na Krapf alipotoka Rabai mwaka 1849 kwenda kwa Kivoi wa Kitui, alipita katika nchi ambayo wenyeji walikuwa wakiipita zamani kuja kwetu. Wafanya biashara wa huku na huko walielewana juu ya jambo moja: mwenye kupima nafaka hana haki ya kuwa na pishi mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Basi tuitazame kwanza pishi yenyewe. Kenya haina mtihani maalumu wa kuingilia chuo cha udaktari. Mlango ni mtihani wa kidato cha nne, KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mwenye kutaka udaktari hutazamwa alama zake za Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha, Kiingereza au Kiswahili. Hufanyiwa hesabu ambayo kilele chake ni 48. Kisha waombaji hupangwa kwa safu, wa juu mbele na wa chini nyuma. Nafasi zikijaa, mstari hukatwa hapo. Hivyo mstari huo hauandikwi kabla ya mtihani. Unaoitwa kiwango cha mwaka ni alama za yule wa mwisho aliyepata kuingia.

Sasa tazama namna safu hiyo inavyopanda na kushuka. Katika mtihani wa mwaka 2015 waliopata A walizidi 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141 tu. Mwaka 2017 walikuwa 142. Mwaka 2018, 315. Mwaka 2019, 627. Mwaka 2020, 893. Mwaka 2021, 1,138. Mwaka 2022, 1,146. Mwaka 2023, 1,216. Na mwaka 2024, 1,693. Mtu mwenye akili hawezi kuamini kwamba vijana wa Kenya walipotewa na akili kwa mwaka mmoja, kisha wakarudishiwa kidogo kidogo kwa miaka minane.

Kwa hakika matokeo hubadilika kwa sababu tatu, na yatupasa tusizichanganye. Ya kwanza ni wanafunzi wenyewe: huenda kundi moja likafundishwa vizuri kuliko jingine, au likawa kubwa zaidi. Ya pili ni karatasi: maswali ya mwaka huu huwa mepesi au mazito kuliko ya mwaka jana, hata mtungaji akijitahidi vipi. Ya tatu ni ulinzi na usahihishaji. Na hii ya tatu ndiyo iliyovuma mwaka 2016. Katika mtihani wa 2015 karatasi zilivuja, na watahiniwa 5,101 wakafutiwa matokeo. Mwezi wa Machi 2016 Waziri Fred Matiang'i alilivunja baraza lililosimamia mitihani, na uenyekiti wa baraza jipya akapewa Profesa George Magoha, ambaye mwenyewe alikuwa daktari mpasuaji. Karatasi ziliwekwa ndani ya makasha ya chuma yaliyofungwa, na walimu wakuu wakabebeshwa dhamana ya vituo vyao.

Huenda mtu akasema: «Basi haki imerejea, na suali limekwisha.» Twajibu: haki ya kulinda ilirejea, na sisi twaisifu, lakini suali la mzee bado lipo. Kwani mtihani hutumiwa kwa kazi mbili, na kila kazi ina haki yake.

Kazi ya kwanza ni kujua kama mtu ametosha. Hapa kipimo hakina ruhusa ya kuyumba. Mgonjwa aliyelazwa Kitui hataki kujua kama daktari wake alikuwa wa mia moja au wa mia tano katika mwaka wake. Ataka kujua kama anatosha kumtibu. Kazi ya pili ni kugawa nafasi chache kwa watu wengi. Hapa mstari hauna budi kusogea, kwa sababu watu na nafasi havilingani miaka yote. Maji ya kisima yakiwa madebe kumi na wenye kiu wakawa ishirini, wengine watakosa. Lakini hatuwezi kusema kwamba waliokosa hawakuwa na kiu.

Dhuluma huzaliwa kazi hizi mbili zinapovaa jina moja. Kijana wa Wote aliambiwa kwamba «hakufikia». Neno hilo ni la kazi ya kwanza, naye alihukumiwa kwa kazi ya pili. Mwaka 2017 wenye A walikuwa 142 tu katika nchi nzima, na vyuo vya udaktari vyachukua watu wengi kuliko hao. Kwa hivyo hapakuwa na budi wenye A- waingie kwa wingi, na dada yake akiwamo. Mwaka 2024 wenye A walikuwa karibu mara kumi na mbili. Alama ya kijana ni ile ile. Foleni ndiyo iliyorefuka mbele yake.

Hapa msomaji ataona kwamba mstari unaosogea una wema wake pia. Watoto wa 2016 na 2017, waliopimwa kwa pishi nzito, hawakufungiwa udaktari kwa sababu ya mwaka wao. Mstari uliteremka nao. Lakini tazama upande wa pili, ambao watu hawautaji sana. Anayetaka kusomea utabibu katika vyuo vya KMTC, navyo viko Kitui, Mwingi, Makueni na Makindu, hutakiwa awe na C. Alama hiyo haiteremki mwaka ukiwa mzito. Mwaka 2016 waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929, na mwaka 2017 walikuwa 70,073. Mwaka 2023 walikuwa 201,133, na mwaka 2024 wakawa 246,391. Ikiwa juu mambo yalikuwa hivyo, basi na pale penye C wako wengi walioachwa nje mwaka 2017 ambao, lau wangalizaliwa miaka saba baadaye, wangaliingia. Na cheti hakiulizwi mwaka wake. Miaka kumi baadaye mwenye kuajiri huviweka vyeti viwili juu ya meza, akamwita huyu hodari na yule mzito, asijue kwamba vilipimwa kwa pishi mbili.

Jambo hili si dogo kwa Ukambani. Katika zahanati za nchi ile kavu, anayempokea mama mwenye mtoto wa homa kwa kawaida ni tabibu au muuguzi, si daktari wa shahada. Makueni ilipoanzisha mpango wake wa afya mwaka 2016, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, jamaa nzima ilitakiwa kutoa shilingi 500 kwa mwaka, itibiwe katika hospitali za kaunti. Mlango wa hospitali ulifunguliwa kwa maskini mwaka ule ule ambao mlango wa masomo ulikuwa mwembamba. Na wanazuoni wetu, Imamu Ghazali miongoni mwao, waliihesabu elimu ya tiba kuwa fardhi kifaya. Neno kifaya maana yake ni kutosha: si kushinda, wala kuwa wa kwanza. Mji usio na watabibu wa kutosha una dhambi shingoni mwa watu wake wote, hata ukiwa na vijana kumi waliotangazwa magazetini.

Basi wajibu ni wa nani? Wa kwanza ni wa wenye mamlaka. Mwenye pishi aitangaze kabla ya kupima. Mwezi wa Agosti 2023 Rais alikabidhiwa ripoti ya jopo la kurekebisha elimu, na watahiniwa wa Novemba mwaka ule ule wakahesabiwa kwa kanuni mpya: Hisabati na lugha moja ni lazima, kisha masomo matano mengine aliyoyaweza zaidi. Kanuni hiyo ina huruma, nasi hatuipingi. Lakini vijana wale walikuwa wamechagua masomo yao miaka miwili nyuma kwa kanuni ya zamani. Hata kheri, ikiletwa watu wakiwa katikati ya mto, humfaa huyu na kumpita yule bila ya sababu. Na pale panapodaiwa alama isiyobadilika, haki yataka mwaka wa cheti utazamwe pamoja na cheti.

Wajibu wa pili ni wa wazazi, na hapa twajisemea wenyewe. Wako kati yetu wanaomnunulia mtoto karatasi iliyoibwa, wakasema: «Namsaidia mwanangu, nimemdhulumu nani?» Ewe ndugu, tumekwisha kukuonyesha uliyemdhulumu. Mstari hukatwa pale nafasi zinapokwisha. Alama moja ya wizi ikiingia mbele ya safu, mtu mmoja wa haki hutoka nyuma yake. Hutamjua jina lake. Huenda ni mtoto wa Mutomo au wa Kibwezi, aliyesoma kwa taa baada ya kuteka maji katika mchanga wa mto. Mwizi wa kuku anamjua mwenye kuku, akitubu aweza kumrudishia. Wewe utamrudishia nani? Na siku moja mwanao atashika kisu juu ya tumbo la mtu, na alichokijua hakitakuwa zaidi ya alichokinunua.

Wajibu wa tatu ni wa sote: tuache kumwita mwenye kukosa nafasi kuwa ameshindwa. Mtoto akilisikia neno hilo katika kinywa cha baba yake, hulisadiki, akaacha hata kile alichokuwa anakitosha.

Sasa tumjibu mzee wetu wa Wote. Mzee, mwanao hakupungua. Alama yake ni ya dada yake. Wala aliyegawa nafasi hakumwibia, madhali safu ilipangwa kwa haki, kwani nafasi ni chache na waliomtangulia ni wengi. Lakini aliyemwambia kwamba hakufikia amemkosea, na neno hilo lafaa lirudishwe. Mwambie: «Ulitosha, hukupata.» Ni maneno mawili mafupi, lakini kati yake umo umbali wa kijana aliyekata tamaa na kijana atakayebisha mlango mwingine, wa utabibu, wa uuguzi au wa maabara, akaingia akiwa amenyanyua kichwa.

Nasi tuliokaa pwani tukiyatazama haya kwa mbali, tujiulize usiku wa leo, kila mtu na mizani yake ya dukani, ya shuleni na ya nyumbani: je, pishi yangu ni moja?

Wallahu aalam.