Maumivu Yasiyo na Kesho: Kicheko na Maadili katika Katuni Fupi za Hollywood

Swali la iwapo ni halali kuyacheka maumivu ya mwingine ni kongwe kuliko sinema. Aristotle, katika Poetiki, alijaribu kulitatua kwa kuweka mpaka: kichekeshacho ni kasoro au ubaya wa umbo usiomuumiza mtu wala kumdhuru, na mfano alioutoa ni kinyago cha mchezaji wa ramsa, ambacho kimepotoka lakini hakionyeshi uchungu wowote. Mpaka huo umewatosheleza wahakiki wengi. Hata hivyo, mtazamaji wa katuni fupi zilizotengenezwa Hollywood katika miaka ya 1940 na 1950 atauona ukivukwa kila baada ya sekunde chache. Paka hubanwa mkia mlangoni. Hupigwa pasi usoni na uso ukachukua umbo la pasi. Humeza baruti ikalipukia tumboni. Tena hupiga ukelele. Katika filamu za Tom na Jerry, zilizobuniwa na William Hanna na Joseph Barbera katika studio ya MGM kuanzia mwaka 1940, ukelele huo ulitoka katika koo la Hanna mwenyewe, na yeyote aliyeusikia anajua kwamba si ukelele wa kiumbe asiyeumia.

Kwa hiyo kauli inayotolewa kwa wepesi, kwamba katuni huchekesha kwa sababu ndani yake hakuna anayeumia, haina mashiko. Maumivu yamo, na yametiwa chumvi: kidole kilichogongwa kwa nyundo huvimba, hugeuka chekundu na kudundadunda kama ngoma. Kinachokosekana ni athari ya maumivu hayo. Pigo hutua, na picha inayofuata humwonyesha mwathiriwa akiwa mzima, akikusudia hila nyingine. Haya ni maumivu yenye leo lakini yasiyo na kesho. Ni tofauti hii, baina ya kutokuwepo kwa uchungu na kutokuwepo kwa kovu, ambayo mjadala wa maadili ya kicheko umeelekea kuipuuza.

Ucheshi wa aina hii ulipata jina lake la Kiingereza kutokana na kifaa cha jukwaani. Wachezaji wa ramsa za Kitaliano kuanzia karne ya 16 walitumia fimbo iliyoundwa kwa mbao mbili zilizoachana kidogo. Fimbo hiyo ilipompiga mtu, mbao ziligongana na kutoa mlio mkubwa, ilhali mwili wa aliyepigwa haukupata madhara ya maana. Sababu ni dhahiri: mchezaji alikuwa na mwili mmoja tu, na mwili huo ulihitajika katika onyesho la siku ya pili. Mchoraji wa katuni hana mwili wa kuhifadhi. Anaweza kuchora pigo lenyewe, akachora uchungu wake, kisha akaufuta. Uhuru huu ni mkubwa kuliko ule wa jukwaa, na maswali yake ya kimaadili ni mazito vivyo hivyo.

Mfano ulio safi kabisa wa uhuru huo ni filamu za Wile E. Coyote na Road Runner, zilizoanza mwaka 1949 kwa filamu ya Fast and Furry-ous, iliyoongozwa na Chuck Jones na kubuniwa pamoja na mwandishi wake Michael Maltese katika studio ya Warner Bros. Coyote, mnyama wa jamii ya mbwa anayeishi katika nyika za Amerika Kaskazini, humfukuza ndege asiyeweza kukamatika. Akivuka ukingo wa genge, huendelea kukimbia hewani. Haanguki kwa kuwa ardhi imekwisha. Huanguka pale anapotazama chini akagundua kwamba imekwisha. Kisha kunabaki kijivumbi kidogo huko mbali bondeni. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, Chuck Amuck (1989), Jones alieleza nidhamu iliyoziongoza filamu hizi, na kanuni yake moja ina uzito wa pekee katika mjadala huu: Coyote hana budi kuaibika zaidi ya anavyoumia. Ndege hamgusi. Vinavyomwangamiza ni ukaidi wake na vyombo anavyoviagiza kutoka kampuni ya Acme. Angeweza kuacha wakati wowote, na haachi.

Hapa nadharia ya Henri Bergson inatoshea vizuri. Katika kitabu chake kuhusu kicheko (1900), Bergson alidai kwamba tunayemcheka ni mtu aliyegeuka kuwa kama mashine, na kwamba ili kicheko kitoke moyo sharti upate ganzi kwa muda. Coyote ni mashine ya kutamani. Mtazamaji anapomcheka huwa anatoa hukumu, na hukumu hiyo ni ya haki kwa vile adhabu haizidi kosa: dakika ileile mkosaji yuko tayari kukosea tena. Ganzi ya moyo haimgharimu yeyote chochote. Hata filamu iliyothubutu kwenda mbali zaidi, The Two Mouseketeers (1952), ambayo mwishoni mwake Tom hukatwa kichwa pasipo mtazamaji kuonyeshwa tendo lenyewe, haikuvunja mkataba huo, ingawa ilikaribia. Filamu hiyo ilishinda Oscar, na Tom alirudi na shingo yake katika filamu iliyofuata.

Ili kuona jinsi mkataba huu ulivyo wa ajabu, inafaa kuulinganisha na ngano za wanyama zinazojulikana sana Afrika Mashariki. Sungura naye ni mjanja mdogo anayemshinda mkubwa, na hadhira humcheka Fisi kwa furaha isiyo na huruma nyingi. Lakini katika ngano, pigo hubakia. Kobe aliyeanguka kutoka angani amebeba nyufa za gamba lake hadi leo. Fisi anachechemea kwa sababu ya jambo lililompata siku moja. Ngano za usuli zimejengwa juu ya dhana kwamba mwili huhifadhi kumbukumbu ya kosa, na kwamba msikilizaji akitoka nje atamwona kobe halisi na kuisoma hadithi mgongoni mwake. Kicheko cha ngano kina kovu, na kwa sababu hiyo kina uzito. Katuni imejinyima uzito huo kwa hiari, na badala yake imepata wepesi. Mpaka hapo hapana ubaya.

Ubaya unaanza pale katuni inapoazima alama kutoka katika miili iliyo nje yake. Katika Mouse Cleaning (1948), makaa ya mawe hufurika nyumbani na Tom hutokeza humo akiwa na uso mweusi. Hapo hapo filamu humbadilisha: anaanza kuzungumza na kujikokota kwa namna ya mhusika mzembe ambaye sinema ya Marekani ilikuwa imembunia Mwafrika. Katika Casanova Cat (1951), moshi wa sigara humgeuza Jerry kuwa mweusi, naye hulazimishwa kucheza ngoma. Masizi hayo, kama nundu na kama uso wa pasi, huondoka upesi, na mtetezi wa filamu hizi husema kwamba kwa hiyo hayana madhara yoyote, kwa kuwa katika katuni kila kitu hupita.

Hoja hiyo inajihukumu yenyewe. Ni kweli kwamba kwa Tom weusi ni jambo la kupita. Lakini kuuorodhesha uso mweusi pamoja na pasi, nyundo na baruti ni kusema kwamba kuwa mweusi ni ajali, ni mojawapo ya mambo yanayompata mnyama asiye na bahati kisha yakamwachia. Mtazamaji ambaye uso huo ndio uso wake hana picha inayofuata ya kumrudisha kwenye uzima, kwa sababu hakuwa mgonjwa. Ganzi ya moyo aliyoisema Bergson hapa inamgharimu mtu, naye hakuwa mshiriki wa mkataba. Kanuni ya Jones nayo inapinduliwa: Coyote huaibishwa kwa alilolitenda, huyu anaaibishwa kwa alivyo.

Wenye filamu walilitambua tatizo, japo kwa namna yao. Mwaka 1968 katuni 11 za Warner Bros., ikiwemo Coal Black and de Sebben Dwarfs ya Bob Clampett (1943), ziliondolewa katika maonyesho ya televisheni. Mouse Cleaning na Casanova Cat ziliachwa nje ya mkusanyiko wa DVD wa mwaka 2007. Uamuzi wa namna hiyo unaeleweka, hasa pale hadhira ni watoto. Ulio mgumu zaidi kuutetea ni ule wa miaka ya 1960 kuhusu mwanamke Mwafrika mtumishi wa nyumba katika filamu za Tom na Jerry, ambaye aghalabu huonekana miguu tu, bila uso. Kikosi cha Chuck Jones, ambaye wakati huo alikuwa MGM, kilizichora upya baadhi ya filamu kwa ajili ya televisheni: miguu ikawa ya mwanamke mweupe, na sauti ikarekodiwa upya na mwigizaji mwingine.

Kwa kufanya hivyo studio iliitendea historia jinsi katuni inavyolitendea jeraha. Alama ilifutwa, na picha iliyofuata ikaendelea kama kwamba hakuna aliyewahi kuumia. Mapigo yote ya ufagio yalibaki mahali pake. Kilichotoweka ni sauti ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani Mweusi aliyemtamkia mtumishi huyo maneno tangu mwanzo, na ambaye jina lake filamu hizo hazikuwahi kuliandika.