Haki ya Mwili Juu ya Muumini

Katika Kurani Tukufu, sura Al-Baqara, aya ya 248, tunasimuliwa jinsi wakubwa wa Wana wa Israeli walivyomkataa Taluti asiwe mfalme wao kwa sababu hakuwa na mali nyingi. Nabii wao aliwajibu ya kwamba Mwenyezi Mungu Amemchagua, na Amemzidishia wasaa wa elimu na wa mwili. Ndugu msomaji, uitazame aya hiyo kwa makini. Mali, ambayo watu waliifanya kipimo, haikuhesabiwa kitu. Bali elimu na nguvu za mwili zilitajwa pamoja kuwa ni vipaji vya Mungu. Tena katika sura Al-Qasas, aya ya 27, binti aliyemshauri baba yake amwajiri Nabii Musa a.s. alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Basi Islam haikuudharau mwili, wala haikuufanya kuwa adui wa roho.

Imepokewa katika Bukhari ya kwamba Hadhrat Abdullah bin Amr r.a. alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtukufu Mtume s.a.w. alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Mara nyingi tunaisoma Hadithi hii kama ruhusa ya kupumzika, na kweli ni ruhusa. Lakini je, haki ya mwili ni mapumziko peke yake? Ng'ombe anayefanyishwa kazi bila kupumzishwa huangamia. Na ng'ombe aliyefungwa zizini mwaka mzima asitoke malishoni, naye huangamia. Mwili umeumbwa kwa viungo vya kwenda, kuinua na kuvuta. Mwenye kuunyima kazi ameunyima haki yake, sawa na yule aliyeunyima usingizi.

Wazee wetu wa pande za Mara hawakuhitaji kukumbushwa jambo hili. Kutoka Butiama hadi Musoma mjini ni mwendo wa kilometa zipatazo 40, na watu wengi wa zama zile waliukata kwa miguu. Ilikuwa mwaka 1934 ambapo mtoto wa miaka kumi na miwili, Julius Kambarage Nyerere, alitoka Butiama akaandikishwa katika shule ya Mwisenge. Mtoto huyo alipokuwa Rais, naye ameshatimiza miaka 45, alitoka tena Butiama mwezi Oktoba 1967, akaenda kwa miguu mpaka Mwanza, safari ya kilometa zaidi ya 200, ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwalimu hakuwa wa dini yetu. Lakini hekima ni mali ya muumini iliyompotea, popote aionapo aichukue. Mkuu wa nchi mwenye magari alichagua miguu yake.

Leo hali imekuwaje? Mtu wa Mwisenge aendaye sokoni hupanda bodaboda. Aendaye msikitini, hata kama ni mwendo wa dakika kumi, huita bodaboda. Mchana hukaa dukani au ofisini, jioni hukaa mbele ya televisheni, na usiku hula chakula kile kile alichokula babu yake aliyeshinda shambani au ziwani akivuta nyavu. Chakula ni kile kile, ila jasho limeondoka.

Matokeo yake si ya kubahatisha. Watafiti waliwafuata watu zaidi ya 200 waliohama kutoka vijiji vya mkoa wa Morogoro kwenda kuishi Dar es Salaam, wakachapisha habari zao mwaka 2010. Kijijini, wanaume karibu 8 katika kila 10 walikuwa wakifanya kazi nzito za mwili; baada ya mwaka mmoja tu wa kukaa mjini, hawakufika 3 katika 10. Wanawake nao walishuka kutoka karibu 4 katika 10 mpaka chini ya 2. Na uzito wa miili yao ukaongezeka kwa zaidi ya kilo mbili. Hayo ni ya mwaka mmoja. Je, miaka ishirini itakuwaje? Uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wapatao 26 walikuwa na shinikizo la damu, na wapatao 9 walikuwa na kisukari. Maradhi tuliyoyaita ya matajiri wa Ulaya sasa yamo majumbani mwetu.

Huko Ulaya kwenyewe jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alitangaza habari za watumishi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Ilionekana kuwa madereva walipatwa na maradhi ya moyo zaidi sana kuliko makondakta. Tangu hapo ushahidi umezidi kupatikana. Misuli inayofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia. Moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu kwa wepesi. Mishipa hulainika na shinikizo hupungua. Kwa hiyo hatari ya kisukari, kiharusi, maradhi ya moyo, na hata saratani za utumbo mpana na matiti, hupungua. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wasioishughulisha miili yao ipasavyo wako katika hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko wale wanaoishughulisha.

Wengine hujibu: "Mimi nasali sala tano, na sala ni mazoezi ya kutosha." Ndugu yangu, sala ni ibada, wala haikufaradhishwa ili iwe michezo ya viungo. Rukuu na sijida huvinyosha viungo, na hiyo ni fadhila. Lakini Masahaba r.a. waliosali kuliko sisi walilima, walichimba handaki na walishindana mbio. Tusiifanye sala kuwa kisingizio cha uvivu. Wengine husema unene ni heshima na dalili ya neema. Neema ni siha. Mtume s.a.w. alitufundisha kuwa siha na nafasi ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake.

Na wengine husema: "Siku yangu imeandikwa." Ni kweli. Mwalimu Nyerere, pamoja na mwendo wake wote, alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Mazoezi si hirizi, na mgonjwa asilaumiwe kila mara, maana yapo maradhi ya kurithi na ya ajali. Lakini Mtume s.a.w. alimwamuru Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Na katika Al-Baqara, aya ya 196, tumekatazwa kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Anayeketi miaka mingi huku akijua matokeo yake, hajamfunga ngamia.

Tutazame mifano tuliyoachiwa. Mtume s.a.w. alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu na mara kwa kipando. Alishindana mbio na Hadhrat Aisha r.a.; mara ya kwanza bibi akashinda, na baadaye alipoongezeka mwili akashindwa. Basi akina mama wasidhani jambo hili haliwahusu. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alikuwa na maradhi ya kudumu na kazi kubwa ya uandishi. Hata hivyo alikuwa na desturi ya kutoka kwa matembezi pamoja na wafuasi wake, akiwafundisha njiani. Hata alipoandika, aliandika huku akitembea chumbani. Na Majlis Khuddamul Ahmadiyya, iliyoanzishwa mwaka 1938 na Khalifa wa Pili r.a., imeweka siha ya mwili miongoni mwa kazi zake, pamoja na Waqar-e-Amal, yaani heshima ya kazi za mikono.

Sasa tufanye nini? Wataalamu wanataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa haraka kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, na kazi ya kutia misuli nguvu mara mbili. Watoto wapate saa nzima kila siku. Mvuvi na mkulima hawa wameshatimiza. Maneno haya ni kwa sisi tunaoketi. Hakuna haja ya kununua kitu. Baada ya sala ya Alfajiri, badala ya kurudi kitandani, nenda ufukoni mwa Ziwa Viktoria na kurudi. Nenda msikitini kwa miguu, maana kila hatua ina thawabu. Lima bustani yako. Mwenye kisukari au maradhi ya moyo amwulize daktari kwanza, aanze polepole, na asiache dawa zake.

Ndugu msomaji, wapo waliokuwa wakisimama safu ya mbele ambao leo wanasali kwa kukaa. Mwenyezi Mungu Amewapa ruhusa hiyo kwa rehema Yake, wala ibada yao haipungui. Lakini wewe ambaye bado unaweza kusimama, jiulize: magoti haya niliyopewa kwa amana, nitayarudisha katika hali gani? Jibu lako la kwanza lianze kesho Alfajiri, utakapofika mlangoni, na bodaboda anakungoja.

Mwenyezi Mungu Atujalie siha njema, Awaponye wagonjwa wetu, na Atuwezeshe kuitumia miili yetu katika ibada Yake na kuwatumikia viumbe Vyake. Amin.