Rosa Mistika Nimeshaisoma, Mwanangu

Kaa, mwanangu. Insha yako juu ya Rosa Mistika nimeimaliza, na nimechoka. Hujanichosha wewe peke yako. Nimechoshwa na miaka mingi ya kusoma insha hiyo hiyo: wahusika, dhamira, mandhari, matumizi ya lugha. Kezilahabi aliichapisha riwaya hiyo mwaka 1971 na mimi naijua. Usinisimulie. Niambie wewe ulikwama wapi.

Zakaria, baba yake Rosa, anagundua kwamba binti yake kaandikiwa barua na mvulana, Charles, naye anampiga binti vibaya. Umeandika kuwa mwandishi anakemea malezi mabaya. Sawa, kwenye mtihani utapata alama zako. Lakini karibuni unakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na ipo siku utafungua daftari la binti wa kidato cha pili ukute barua kama ile. Utaisoma kwa sauti darasa licheke? Utamkabidhi kwa mwalimu wa nidhamu, naye unajua atafanya nini? Andika hapo. Na kama moyoni ulimuunga mkono Zakaria, andika hivyo hivyo, usijipambe. Hapo ndipo ninapopataka zaidi.

Nina sababu. Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, aliandika kwamba mtu huingia ualimu akiwa keshawatazama walimu wake kwa maelfu ya saa. Aliwaona wakifundisha, walichokuwa wakiwaza hakukiona. Ndivyo ulivyokuja chuoni. Siku darasa litakapokushinda hutazikumbuka nadharia za saikolojia tulizokufundisha. Mkono utakwenda wenyewe kwenye fimbo, kwa sababu yule mwalimu wako wa darasa la nne alifanya hivyo. Huyo yumo ndani yako, na humwoni mpaka kitabu kikuchokoze na kalamu ikulazimishe kusema kwa nini umechokozeka.

Elimu ya Kujitegemea nayo mnainukuu nyote, tena kwa kichwa. Humo, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, aliyekuwa kafundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua, alilalamika kwamba shule zinamtenga kijana na jamii yake na kumwaminisha kuwa maarifa yote yamo vitabuni. Vizuri. Sasa niandikie: shuleni kwenu jembe lilikuwa somo, au lilikuwa adhabu ya waliochelewa namba? Na wewe, ukipewa darasa, utalifanya nini? (Wengi huniambia lilikuwa adhabu, kisha wanakwenda kulitumia vile vile.)

Usiandike kurasa kumi. Nusu ukurasa unatosha, ila uache nafasi chini. Ukirudi kutoka mazoezini, jijibu hapo kwa wino mwingine.

Najua utaniambia huna muda, maandalio ya somo yanakusubiri. Nayo nayajua. Nimekagua mengi, na kwenye tathmini karibu yote yameandikwa kwamba somo limefundishwa na limeeleweka vizuri, hata siku ambayo nusu ya darasa walikuwa wamesinzia nikiwatazama. Mtu hawezi kuandika ukweli pale juu ya watoto arobaini kama hajawahi kuuandika juu ya kitabu kimoja, akiwa peke yake, bila mkaguzi.

Basi chukua karatasi zako. Anza na ile barua ya Charles. Ijumaa nitakuwepo, na usiipeleke insha kuchapwa. Nataka nione ulipofutafuta.